Tambi za Mboga kwa Mchana wa Joto

Dar ya Januari na Februari haimwonei huruma mpishi wa mchana. Mimi jiko langu liko kona ya sebule, na dirisha linatazama ukuta wa jirani. Ukiwasha gesi saa saba, chumba kizima kinageuka oveni. Kwa hiyo msimu huo mchana nakula tambi za mboga: karoti, tango na papai bichi, vyote vibichi, vimekatwa virefu na vyembamba, vikachanganywa na mchuzi mzito wa karanga.

Najua utasema hiyo ni kachumbari. Hapana. Kachumbari ikitoa maji ndiyo utamu wake, lakini bakuli hili likitoa maji mchuzi unakuwa mwepesi, nawe unabaki unakula mboga zinazoogelea. Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye tango. Lipasue kwa urefu, kwangua mbegu kwa kijiko, likate, nyunyiza chumvi kidogo, liache kwenye chujio kama robo saa, kisha likamue kwa kiganja. Usione huruma, kamua.

Karoti haina shida. Papai bichi wengi tunalijua kwa kulainishia nyama ya mishkaki, ila Wathai wana saladi yake maarufu kabisa. Chagua gumu, ambalo ndani bado ni jeupe, limenye na uoshe utomvu. Mjamzito asilitumie; embe bichi au kabichi vinatosha.

Mashine ya kukatia huhitaji. Kisu cha kumenyea viazi kinatoa tepe ndefu. Zipange, kata nyembamba, basi.

Mchuzi kwa mtu mmoja: vijiko viwili vya siagi ya karanga, ndimu moja, kijiko cha sosi ya soya, tangawizi, punje ya kitunguu saumu, pilipili kadiri ya roho yako. Legeza kwa maji ya moto kidogo kidogo, ubaki mzito kama uji wa mgonjwa aliyeanza kupona. Ukisaga karanga mwenyewe, zichambue kwanza: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu tupa, maana sumukuvu haiishi kwa kukaanga. Mafuta ya karanga yana kazi nyingine pia: bila mafuta, mwili haufaidi vizuri ile rangi ya karoti ambayo huigeuza kuwa vitamini A.

Mboga peke yake hazikufikishi mbali. Saa kumi utakuwa unanusa chipsi mayai za jirani. Ongeza tambi za mchele, zile nyembamba. Zimwagie maji ya birika la umeme, dakika tatu mpaka tano zimelainika. Juu weka korosho, parachichi, au dengu za kopo.

Kwa kuwa hakuna kinachopikwa, maji ndiyo ya kuangalia. Osha mboga kwa maji yanayotiririka kabla ya kumenya, na suuza ya mwisho iwe kwa maji yaliyochemshwa au kutibiwa, tambi za mchele zikiwemo. Mvua zikianza na kipindupindu kikatajwa mtaani, mimi naacha vibichi na kurudi kwenye sufuria.

Wa kubeba kazini, mchuzi ukae kwenye chupa yake, uchanganye saa ya kula. Kifuniko kaza kweli: kwenye daladala ya asubuhi begi linabanwa kila upande, na mafuta ya karanga yakiingia kwenye kitambaa hayatoki.