Fundi akikwambia mteremko utatolewa kwenye vigae, mwambie asubiri

Masika ya mwaka huu yamepita na stoo yangu ya chini ya ardhi haijadondosha hata tone. Nilitaka nifurahie kimyakimya, lakini kaka mmoja wa Mbeya, msomaji wa siku nyingi, kanitumia ujumbe na picha. Kachimba chumba kwenye mwinuko nyuma ya nyumba, slabu, yaani zege bapa la juu yake, imeshamwagwa, na fundi wake anasema wasihangaike, mteremko wa kutoa maji ya mvua juu ya slabu "tutautoa kwenye vigae". Kaka, hapo nilisisimka mwili. Maneno hayohayo nimewahi kuambiwa mimi, na ndiyo yaliyoniozeshea viazi.

Kiwanja chetu kiko Arusha, upande wa Moshono, na kimeinama. Wenye viwanja vya namna hiyo mnajua: huku unajaza, kule unachimba. Nikaamua pale pa kuchimba pawe stoo ya viazi mviringo na vitunguu, maana ndiyo biashara inayosomesha watoto wangu, na juu yake pawe baraza la kukaa jioni na kuanika nguo. Shemeji yangu akapaita handaki. Kila akija: "Vipi, handaki limefikia wapi?" Na wengine wanacheka, mezani kwangu, wanakula viazi vyangu. Nilinyamaza. Sikusahau.

Fundi wa kwanza alimwaga slabu bapa, akapaka lami ya maji ya ndoo, ya kuzuia maji, tabaka mbili, kisha juu yake akapanga vigae vyenye mteremko wa kupendeza macho. Nilimuuliza: maji yakipenya chini ya kigae yataenda wapi? Akanijibu, "Mama, grauti inazuia." Grauti, ule udongo wa kujazia kati ya vigae, haizuii. Jua la saa nane linapasha vigae, usiku vinapoa, grauti inafanya nyufa nyembamba kama uzi, na mvua ikija maji yanazama. Yakifika kwenye lami yanakuta hakuna bonde, yanakaa. Hayakauki kwa sababu yamefunikwa na vigae. Yanakaa wiki nzima yakitafuta tundu, na tundu hupatikana daima palepale, kwenye kiungo cha slabu na ukuta. Vuli ya kwanza ikaleta alama ya kahawia kwenye kona ya dari. Masika yakaleta harufu. Nilipoinua gunia la chini kabisa, kitako chake kilibaki sakafuni pamoja na uji mweusi uliokuwa viazi. Fundi kwenye simu: "Nyumba inatoa jasho tu, mama."

Sasa hilo la jasho msilidharau, kwa sababu lipo kweli. Viazi vinapumua, hewa ya stoo inajaa unyevu, na usiku wa Juni na Julai huku kwetu slabu iliyo wazi kwa juu inapoa sana. Unyevu ukiigusa unageuka matone. Kujua kama ni jasho au ni mvujo, kausha sehemu ya dari, bandika kipande cha nailoni ngumu, ziba kingo zote kwa gundi ya karatasi, kiache siku mbili. Maji yakiwa upande wako wa nailoni, ni jasho. Yakiwa kati ya nailoni na zege, yanatoka juu. Kwangu yalikuwa pande zote mbili, kwa hiyo na mimi nilikuwa sawa, na fundi alikuwa sawa nusu. Hiyo nusu yake sikumlipa.

Kubomoa vigae sitawachosha nako. Vumbi, kelele, majirani. Tuje kwenye kurudia kazi.

Mteremko unaanza chini kabisa, juu ya slabu yenyewe, kabla ya kitu chochote cha kuzuia maji. Kipimo ni sentimita 2 kwa kila mita moja. Baraza langu ni mita 4 kwa 5, na fundi wa pili (kijana mpole, anapima mara mbili ndipo anaongea) alitaka kuinamishia upande mrefu. Nilimkatalia. Ukiinamishia mita 5 unainua sentimita 10. Ukiinamishia mita 4 unainua 8. Tukaanza na unene wa sentimita 4 upande wa chini tukamaliza na 12 upande wa juu. Hata hivyo, huo mchanga na saruji ni zaidi ya tani tatu juu ya kichwa chako. Ndiyo maana kabla ya yote nilimleta mhandisi akakokotoa kama nondo zilizomo zitabeba. Watu mnaogopa kumlipa mhandisi, halafu mnalipa geti la maua na mataa. Mtanisamehe, lakini ni kweli.

Kijana akavuta nyuzi, akapima usawa kwa mpira wa maji, akamwaga. Kila kona tulipokutana na ukingo hatukuiacha kali. Aliijaza kwa mwiko ikawa mshazari, kwa sababu roli ya lami (lami iliyoviringishwa kama mkeka) ukiikunja pembe kali hupasuka mgongoni. Tukamwagilia wiki nzima, kisha tukaacha ikauke. Hapa watu hukosa subira. Ukibandika lami juu ya zege bichi, jua litachemsha unyevu ulio ndani na lami itavimba malengelenge.

Safari hii hatukupaka ya ndoo. Tulitumia roli nene za milimita 4, zile zinazobandikwa kwa moto wa gesi. Anza upande wa chini ukipanda juu, kila roli ilalie ya chini yake kama mabati yanavyolaliana, sentimita 10 ubavuni na 15 kwenye vichwa. Nilikaa kwenye kiti nikaangalia kila kiungo. Kiungo kilichoshika unakijua: lami iliyoyeyuka inachungulia nje ya ukingo, utepe mweusi unaong'aa, upana wa ukucha. Pasipochungulia, pamedanganywa. Kijana alikuwa anapitisha ncha ya mwiko polepole, na pale ulipoingia aliinua, akachoma upya bila kuambiwa. Ukutani tukapandisha sentimita 15 juu ya usawa wa mwisho wa baraza, na upande wa nje tukateremsha hadi tukapita kile kiungo cha slabu na ukuta kwa sentimita 30.

Halafu jaribio. Tukaziba matundu ya kutolea maji, tukafungulia mpira mpaka hata upande wa juu ukafunikwa. Upande wa chini kina kilizidi kidogo sentimita 8. Uzito wa maji hayo pia mhandisi alikuwa ameuhesabu. Ndani nilikuwa nimepaka dari chokaa nyeupe ya kawaida, kwa sababu chokaa haifichi siri. Yakakaa usiku kucha na kesho yake yote. Niliingia na tochi zaidi ya nilivyoingia chumbani kwa watoto wangu. Dari nyeupe.

Ndipo tukaweka kinga ya joto, na iko JUU ya lami. Mafundi wengi huiweka chini. Ikiwa juu inaikinga lami na jua na miguu, na slabu inabaki na joto lilelile mchana na usiku, kwa hiyo jasho linakwisha. Tumia mabamba ya polistireni yaliyoshikana, yasiyo na punje. Huwa ya buluu, ya waridi au ya kijani. Yale meupe ya punjepunje yanayokuja na televisheni yatakunywa maji polepole. Bamba la sentimita 5 linazuia joto karibu sawa na zege la mita 2, na halina uzito. Ila mabamba haya yanaelea, na petroli na moto huyayeyusha. Kwa hiyo gesi na dawa zote za lami zimalizike kwanza, kisha panga mabamba, tandika kitambaa cha kuchujia, mwaga kokoto ndogo, ndipo pevingi, vile vitofali vya kutandaza chini. Maji yanapita kati ya vitofali, yanapita kwenye kokoto, yanateremka juu ya lami yenye mteremko, yanatoka. Hayana pa kukaa.

Wazee wa pwani walijenga mapaa bapa ya chokaa na boriti Lamu na Unguja bila lami wala gesi, na wakaweka milizamu ya kutupa maji nje ya ukuta. Sisi tuna vifaa vya kila aina na tunajenga mabwawa juu ya vichwa vyetu, kisha tunasema mvua za siku hizi ni kubwa. Mvua haina kosa. Mteremko, jamani. Mteremko chini, si juu. Shemeji alikuja Mei, nikamshusha stoo, akapapasa dari kwa kiganja, akakiangalia kiganja. Hajataja handaki tena.

Kaka wa Mbeya, slabu yako haijaharibika, bado ni bapa tu, na hiyo inarekebishika. Mzuie fundi asinunue vigae. Kwenye picha yako ukingo wa tofali umezunguka pande zote nne na sioni pa kutokea maji. Toboa matundu mawili upande wa chini: moja sawa kabisa na lami, la pili juu yake kwa sentimita 5, na yote mawili yatoe bomba linalorusha maji mbali na ukuta. Majani yakiziba la kwanza, la pili litaanza kumwaga pale unapopita na ndoo yako, na utajua ni siku ya kupanda kusafisha.