Mwachie Mwenzako cha Kujibu: Mipaka ya Uwezo Katika Michezo ya Kuigiza kwa Maandishi

Ukiandika "nikamkata, akaanguka, akafa" kabla mwenye mhusika huyo hajatia neno, mchezo umekwisha. Grupu linaweza kuendelea kuchati wiki nzima, lakini aliyeuawa bila kuulizwa ameshaondoka moyoni, na wengine wameanza kujiuliza zamu yao ni lini. Mimi ni msimulizi wa grupu lenye watu wa Mtwara mjini, Mikindani, Lindi na Newala, na karibu kila ugomvi tuliousuluhisha ulianzia hapo: mtu kujiandikia matokeo ambayo hayakuwa yake kuyaandika.

Kwa ambaye hajawahi kucheza, mambo yako hivi. Watu wanakubaliana mahali na zama, kila mmoja anabuni mhusika wake, halafu hadithi inaandikwa kwa zamu, mimi kipande, wewe kipande. Msimulizi anaeleza mandhari, anawasemea watu wa pembeni, na anaamua pale wachezaji wanaposhindwa kuelewana. Wahusika wana uwezo wao: huyu mpiga upinde, yule mganga, mwingine anajua lugha za wageni. Uwezo huo uishie wapi, hilo ndilo swali linaloamua kama hadithi itafika mwisho au itakufa katikati.

Ushauri wangu ni huu: usiupime uwezo kwa ukubwa wake, upime kwa kile unachomwachia mwenzako. Mhusika anaweza kuwa na nguvu za kubomoa ngome na bado akachezeka vizuri, mradi kila anapozitumia aliye mbele yake abaki na la kufanya. Akwepe, aumie kidogo, akimbie, alipize. Na mhusika mwenye kipaji kidogo tu, tuseme kusikia minong'ono, anaweza kuua mchezo kabisa kama siri ya kila mtu anaidaka bila mwenye siri kuulizwa.

Michezo mingine ilishapata dawa zake mapema. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons huko Marekani mwaka 1974, mipaka ilikaa kwenye namba na dadu: mchawi akishatumia uchawi aliouandaa, umekwisha mpaka apumzike na kuuandaa tena. Mwaka 1978, Roy Trubshaw na Richard Bartle wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, walitengeneza MUD, ambamo watu walicheza pamoja kwa kuandika kwenye kompyuta, na hapo programu ndiyo iliyokuwa hakimu. Ukiandika jambo lisiloruhusiwa, halitokei. Sisi tunaocheza kwa meseji hatuna dadu wala programu ya kutukatalia. Sentensi yoyote ikishatumwa imeingia kwenye hadithi. Kwa hiyo mpaka wetu hauna pa kukaa isipokuwa kwenye makubaliano, na makubaliano lazima yafanyike kabla ya tukio, si wakati panga liko hewani.

Nitoe mfano mmoja kwa kirefu, maana ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote.

Hadithi yetu ndefu ipo Kilwa Kisiwani, karibu na mwaka 1331, zama za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, wakati msafiri Ibn Battuta alipopita na dhahabu ya Sofala ilipokuwa ikishuka bandarini. Kijana mmoja wa Mikindani akaja na nahodha anayeita upepo. Alitaka aite upepo wowote, wakati wowote, kutoka upande wowote. Nikamfuata inboksi. Sikumwambia "hapana", kwa sababu "hapana" ya msimulizi humfanya mchezaji atafute mlango wa nyuma. Nilimuuliza kitakachowapata wenzake.

"Dada, nikigeuza upepo kuna ubaya gani? Ni hadithi tu."

"Mdogo wangu, yule mfanyabiashara wa Hormuz amekuja na kaskazi, na sasa anasubiri kusi imrudishe kwao. Hiyo miezi ya kusubiri ndiyo hadithi yake yote: deni, nyumba ya kupanga, mwanamke anayetaka kumwoa. Ukimletea kusi mwezi wa Januari, unamwachia nini?"

Akakaa kimya, kisha akarudi na pendekezo lake mwenyewe, bora kuliko ambalo ningemwandikia. Kwa kuwa amekulia kando ya ghuba, aliufunga uwezo wa nahodha kwenye maji ya bahari. Kadi yake, yaani maelezo mafupi ya uwezo wake, bado imebandikwa juu ya grupu hadi leo: "Naita upepo wa msimu, sigeuzi msimu. Naweza siku za bamvua tu. Maji mafu siwezi. Nikishaita, sauti inanikauka mpaka maji yapwe."

Tazama kazi iliyofanywa na mistari hiyo. Msimu haugeuki, kwa hiyo biashara ya wenzake iko salama. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, huja mwezi ukiandama na mwezi mpevu, basi adui anayejua kuhesabu siku anaweza kupanga shambulio lake katikati, siku za maji mafu, wakati nahodha hana kitu. Na gharama ipo: takriban saa sita za kutoweza kusema, huku mabaharia wakisubiri amri. Siku moja dada wa Newala, anayecheza mlinzi wa lango la Husuni Kubwa, jumba la sultani, alimkamata nahodha katika saa hizo na kumhoji mbele ya watu. Nahodha alijibu kwa mikono. Ni kipande ambacho wachezaji wetu wapya huelekezwa kukisoma kwanza, na kisingekuwepo kama uwezo ungekuwa hauna ukomo.

Hivyo mchezaji akija na uwezo, mwombe aandike mwenyewe unamgharimu nini, nani au nini kinaweza kuuzuia, na aliye mbele yake atajibu vipi. Mistari miwili mitatu inatosha. Mtu huulinda mpaka aliouchora mwenyewe. Uliochorwa na msimulizi ataujaribu kila wiki. Ukiona anashindwa kabisa kujibu swali la pili, yaani hakuna cha kuuzuia uwezo wake, usimpokee kwanza. Kaa naye mpaka kipatikane.

Katika kucheza kwenyewe kanuni yetu ni moja: andika unachojaribu, acha matokeo. "Ninarusha mkuki kuelekea bega lake la kushoto" ni yako. Kama umempata au umemkosa, ni ya mwenye bega. Wapo watakaosema kwamba hapo kila mtu atakwepa kila kitu, na ni kweli wapo wanaofanya hivyo. Dawa yetu ni kwamba asiyekubali kuumia katika mapigano yote ya tukio moja, msimulizi ndiye anayemwamulia pigo linalofuata. Tangu tuanze hivyo, watu wanachagua majeraha wenyewe, na wanayaandika vizuri sana.

Kuna mipaka ambayo haihusu usawa wa nguvu kabisa, nayo inahitaji moyo zaidi. Tuliwahi kuanza hadithi ya Maji Maji, kuanzia Julai 1905, Wamatumbi walipong'oa pamba Nandete. Mchezaji mmoja aliomba maji ya dawa ya mhusika wake yafanye kazi kweli, risasi za Wajerumani zigeuke maji. Ninaelewa hamu hiyo. Hata mimi ninayo. Lakini katika grupu wapo wenye asili ya Umatumbi, Ungindo na Umwera, na vita ile iliyoendelea hadi 1907 iliua watu wengi mno, wengi wao kwa njaa baada ya mazao kuchomwa. Kinjeketile mwenyewe, mganga aliyegawa maji hayo, alinyongwa Agosti ya mwaka ule ule wa 1905. Kuandika kwamba maji yalizuia risasi ni kuwaambia wajukuu wa waliokufa kwamba babu zao walikosea masharti ya dawa.

Tulizungumza kwa sauti, si kwa maandishi, na mzee mmoja wa grupu, mwalimu mstaafu wa Lindi tunayemwamkia wote, ndiye aliyepata njia. Alisema nguvu ya maji ilikuwepo na ilionekana: iliwaunganisha watu ambao hawakuwahi kupigana upande mmoja, kutoka Wamatumbi na Wangindo mpaka Wamwera, Wapogoro na Wangoni. Basi mhusika apewe uwezo huo. Akisimama kusema, watu wa kijiji kigeni wanamsikiliza, na mchezaji wa kijiji hicho ndiye anayeamua wangapi watamfuata. Mpaka wake ni risasi. Mchezaji yule alikubali, na akaandika mtu anayeijua hofu yake vizuri kuliko shujaa yeyote asiyechomeka. Kwa hadithi za zama zenye majeraha ya kweli, wahoji kwanza wenye majeraha hayo kabla hujagawa uwezo.

Uwezo wa kuutawala moyo wa mhusika mwingine, limbwata, kuroga, kumfanya mtu apende au atii, kwangu haupiti bila ruhusa ya mwenye mhusika, na ruhusa hiyo ninaipata mwenyewe inboksi, si mbele ya grupu. Wanaoombwa zaidi ni wanawake, na mbele ya watu ni vigumu kukataa bila kuonekana unaharibu starehe ya wengine. Aliyekubali leo anaweza kukataa kesho, na hadithi itageuka imfuate yeye. Mchezaji akiwa chini ya miaka 18 hakuna mjadala, uwezo wa namna hiyo haumgusi mhusika wake. Katika hili sina subira na anayebisha.

Halafu kuna suala la kutokuwepo, ambalo huku kwetu lina msimu wake. Korosho zikianza kuvunwa, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka, nusu ya watu wako mashambani au wanahangaika na maghala na minada, na wengine bando limekwisha. Mhusika wa asiyekuwepo haguswi. Hafi, haibiwi, hapendi, hasaliti. Msimulizi anamtafutia safari au homa, anakaa pembeni hadi mwenyewe arudi. Kwa hiyo uwezo wowote unaomtaka mwenzako ajibu "ndani ya saa moja, la sivyo" tumeuondoa kabisa. Tunampa kila mtu siku tatu, na wakati wa korosho wiki.

Kuhusu msimulizi mwenyewe, maana mwenye kalamu ya mwisho ndiye anayetakiwa kufungwa zaidi. Usijipe mhusika mwenye nguvu. Wangu ni karani wa forodha, anajua hesabu na majina ya merikebu, basi. Na nikitaka kuingiza hatari mpya, dhoruba, ugonjwa, jeshi, wachezaji wawili lazima wajue mapema na waone kwamba ina pa kutokea.

Mipaka itabadilika hadithi ikikua, na ni sawa. Nahodha wetu sasa ana mwanafunzi, na anaomba sauti yake ikauke kwa muda mfupi zaidi. Mabadiliko tunayajadili kati ya tukio na tukio, grupu zima linasoma kadi ya zamani na mpya sambamba, na yeyote ambaye mhusika wake anaguswa ana haki ya kuomba kipengele kimoja kirekebishwe. Mfanyabiashara wa Hormuz ameshaomba chake: nahodha asiite upepo siku ambayo chombo chake kinapakia. Wakikubaliana, kadi ya zamani inafutwa, mpya inabandikwa, na tukio linaanza kesho yake baada ya isha.