Kamera ya kufunga kwenye baiskeli: mambo ninayowaambia jamaa zangu hapa Dodoma kabla hawajatoa hela

Wadau habari za siku nyingi. Kila Jumamosi tukisimama kupumzika lazima kuna mtu ataniuliza "hiyo gopro yako shilingi ngapi", na hapa mjini kamera zote za aina hii tunaziita gopro hata kama imeandikwa jina lingine kabisa, kwahiyo nimeona niandike yote sehemu moja ili nikiulizwa niwe natuma hii. Mimi naishi Nkuhungu, kazini kwangu ni Mtumba, siku tatu kwa wiki naenda kwa baiskeli na wikiendi tunatoka na wenzangu, Hombolo, Bahi, Chamwino, kutegemea na upepo umeamkaje. Nimeanza kurekodi miaka minne iliyopita, nimeshapitia kamera mbili, memori kadi sijui ngapi, na kuna siku moja nilipoteza kitu ambacho hakuna hela ingekirudisha.

Kamera yangu ya kwanza nilinunua laki na ishirini. Boksi limeandikwa 4K kubwa kabisa, yaani picha yenye nukta nyingi sana, ndani kuna vikorokoro vingi vya kufungia mpaka unajiona umelamba dume. Nikaifunga kwenye usukani, nikatoka nayo barabara ya Singida, nikarudi nyumbani kuangalia. Sasa mnajua zile rasta za kwenye lami kabla hujaingia kwenye makazi ya watu, zile zinazotetemesha mpaka meno, pale picha ilikuwa inayeyuka, yaani nguzo za umeme zinapinda kama uji, barabara inacheza. Sababu ni kwamba kamera hizi hazichukui picha nzima kwa mpigo mmoja, zinasoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, sasa kama usukani unatetemeka haraka mstari wa juu na wa chini havikutani tena sehemu moja. Na ile 4K ya kwenye boksi ilikuwa ya kuongopa, kamera nyingi za bei ile zinachukua picha ndogo halafu zinaivuta iwe kubwa, faili linakuwa zito lakini ukitaka kusoma namba ya gari huoni kitu.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaousisitiza kuliko yote, ni usinunue kwa kuangalia 4K au 5K, nunua kwa kuangalia inatuliza picha vipi. Kwa barabara zetu hicho ndio kitu namba moja. Kampuni ya GoPro wenyewe walipotoa kamera yao ya Hero7 Black mwaka 2018 ndipo hii teknolojia ilipokuja vizuri kwenye kamera ndogo, wao wanaiita HyperSmooth, DJI, kampuni nyingine ya kamera, wana ya kwao inaitwa RockSteady, na kazi yake ni kwamba kamera inapima mtikisiko wenyewe halafu inakata pembeni kidogo ya picha ili ipate nafasi ya kuisogeza irudi mahali pake. 1080p iliyotulia, yaani picha yenye nukta chache kuliko 4K, ni bora mara kumi ya 4K inayorukaruka. Kama hela ni ndogo, nakuambia kabisa tafuta Hero7 Black au yoyote ya juu yake iliyotumika lakini imetunzwa, achana na mpya ya laki moja na nusu isiyo na huo utulizaji.

Ila utulizaji unataka mwanga. Mimi natoka nyumbani saa kumi na mbili kasoro, giza bado lipo, na hapo hata kamera nzuri picha inakuwa na ukungu ukungu kila ukipita kwenye shimo, kwa sababu gizani kamera inachelewa kufunga jicho lake ili ipate mwanga wa kutosha, sasa ule mtikisiko unaingia humohumo kwenye picha na hakuna wa kuutoa. Hii ndio sababu mimi mwishowe nilichukua DJI Osmo Action 4, ile ya mwaka 2023, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga ni kikubwa kuliko cha wenzake wengi wa wakati ule. Sijasema ukanunue hiyohiyo. Kama wewe unaendesha saa tatu asubuhi jua limeshawaka, hela ya ziada hapo huihitaji.

Na jua lenyewe nalo ni kesi. Mtu anayekaa magharibi ya mji na kufanya kazi Mtumba, asubuhi anaenda mashariki jua liko usoni, jioni anarudi magharibi jua liko usoni tena. Nina video nyingi sana za kwenda kazini ambazo mbele ni weupe mtupu na gari ni kivuli. Nilivyoelewa hilo nikahamisha kamera nyuma, chini ya siti, ikawa inaangalia magari yanayokuja nyuma yangu, na mwanga ukawa safi kabisa pande zote mbili za siku. Kama unarekodi kwa ajili ya usalama nyuma ndio kwenye maana, maana hatari yetu kubwa ni gari linalokupita kwa karibu, na gari hilo linatokea mgongoni. Namba ya gari inasomeka likiwa karibu sana, mita chache tu. Zile za pikipiki zinazoanza na MC ni ndogo, hizo usitegemee kama boda kakupita kasi.

Kuhusu sehemu ya kuifunga. Kwenye usukani picha inatetemeka zaidi lakini ni rahisi kuwasha na kuzima. Mkanda wa kifuani unatulia vizuri kwa sababu mwili wako wenyewe unameza mtikisiko, na mtu anaona mikono yako na njia, ila kama baiskeli yako ni ya usukani uliopinda ule wa mashindano na unainama sana, kamera itakuwa inarekodi tairi la mbele, inabidi uigeuze miguu juu ili uweze kuiinua zaidi. Kwenye helmeti inaangalia unakoangalia, video tamu, ila mimi siipendi kwa safari za kawaida, ni uzito kichwani na ukianguka kuna kitu kigumu kimesimama juu ya kofia inayotakiwa kukulinda. Zile gundi za kubandika zinafanya kazi ila futa vumbi kwanza kwa spiriti, bandika, halafu iache ikae masaa 24 kabla hujafunga kamera. Watu wanabandika asubuhi wanatoka nayo asubuhi hiyohiyo. Na hata kama imeshika, funga kamba ndogo kutoka kwenye kamera mpaka kwenye fremu.

Sasa memori kadi. Hapa naomba usome polepole.

Ilikuwa mwezi wa nane, tunarudi kutoka Bahi, mimi nimebaki nyuma peke yangu. Tumeshakaribia Nala, lori linakuja mbele yangu na basi likaamua kulipita, likaja moja kwa moja upande wangu, lami ikaisha kwangu. Niliingia kwenye changarawe, gurudumu la mbele likakata, nikaenda chini. Kiwiko, nyonga, kiganja chote cha kushoto. Basi halikusimama. Nikiwa pale chini nakumbuka kabisa niligeuka kuangalia kamera, taa nyekundu inawaka, inawaka vizuri, nikasema Mungu mkubwa, hili limeingia. Nimefika nyumbani, mke wangu ananiosha kidonda kwa maji ya chumvi huku mimi nimeshika laptopu kwa mkono mmoja, mafaili yote yapo, majina yapo, saa zipo, nikibofya la Nala halifunguki. La kabla yake halifunguki. Yanafunguka ya saa ya kwanza tu, tunatoka mjini tunacheka.

Kadi ilikuwa feki. Imeandikwa GB 128, niliinunua kwenye kibanda cha simu, na ndani yake nilivyokuja kuipima ilikuwa na GB 29. Hizi kadi wanazichezea zidanganye kifaa kwamba ni kubwa, kamera inaamini, inaendelea kuandika, lakini ikishapita ukubwa wake wa kweli kinachoandikwa hakipo popote. Piga hesabu uone. Kamera ikirekodi kwa megabiti 60 kwa sekunde, saa moja inakula GB 27. Kwahiyo kadi yangu ilikuwa na uhai wa saa moja na dakika chache tu, na mimi nilianguka saa ya nne ya safari. Nilienda kutoa taarifa mikono mitupu, sina namba, sina rangi ya uhakika, najua tu lilikuwa basi.

Tangu siku hiyo hakuna kadi inaingia kwenye kamera yangu bila kupimwa. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw kwa watu wa Windows, na F3 kwa watu wa Mac na Linux, inaijaza kadi mpaka juu halafu inasoma yote tena kama yapo. Inachukua muda mrefu, iache usiku ulale. Angalia pia alama ya V30, maana yake kadi inaandika si chini ya megabaiti 30 kwa sekunde, na hiyo inatosha kabisa, maana megabaiti moja ni megabiti nane, kwahiyo hizo megabiti 60 nilizosema ni megabaiti saba na nusu tu. Usishawishike na za bei kali zaidi. Bora ununue kadi mbili za kweli za GB 64 kuliko moja ya 256 ya mashaka.

Betri. Ile dakika 160 wanayoiandika kwa Action 4 wameipima kwa 1080p, fremu 24 kwa sekunde, skrini imezimwa. Ukiweka 4K na utulizaji mimi napata kama saa moja na nusu hivi. Nabeba betri mbili za akiba mfukoni. Kuna wanaochomeka pawabenki wanaendesha huku inachaji, inawezekana, ila ni lazima ufungue kale kamlango ka pembeni, na mlango ukiwa wazi kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi upepo wa hapa Dodoma na vumbi lake vitaingia mpaka moyoni mwa kamera. Ukinunua GoPro Hero13 kumbuka betri yake ni ya aina mpya kabisa, za Hero9 mpaka Hero12 haziingii, usije ukachukua betri za bei rahisi ukajikuta umekwama nazo.

Vumbi ndilo linaloua lenzi zetu. Usifute kwa tisheti, huo mchanga ni mawe na unakwangua. Puliza kwanza kwa kipampu cha mpira, ndio ufute kwa kitambaa laini. Kwa GoPro kuanzia Hero9 mpaka Hero12 kale kakioo ka mbele kanatoka unaweka kengine, ila Hero8 hakatoki, kwahiyo ukinunua Hero8 iliyotumika iangalie kioo kwenye mwanga kabla hujatuma hela. Joto nalo, ukiwa unaendesha upepo unaipoza, ukisimama kunywa soda juani izime. Na kwenye mipangilio weka 50Hz, umeme wetu ndio huo, vinginevyo jioni taa za barabarani zitakuwa zinapepesa kwenye video.

Ukipita kambi ya jeshi au Ikulu Chamwino zima kamera, izime kweli, na ikiwezekana igeuze waione imegeuka. Usisubiri kuulizwa.

Na watu pia. Mwaka jana njia ya Hombolo nilisimama kuziba pancha, mbigili zilikuwa zimemaliza tairi la nyuma, babu mmoja akatoka kwenye shamba la zabibu, akanisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi". Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye jiwe ananiangalia nabandika kiraka. Baadaye akauliza, "Mjukuu wangu, hicho kifuani kwako kinanitazama?" Nikamwambia ndio babu, samahani, nikazima. Akanyamaza kidogo. "Sasa mbona umekizima, si uniulize kwanza?" Akasimama, akavua kofia, akajifuta uso, akaivaa tena vizuri, akasema haya washa. Nikamrekodi amesimama mbele ya zabibu zake, hasemi kitu, mikono imeshuka, kama dakika nzima.

Pale ndio 4K ilinifaa, nawaambia ukweli. Fremu moja ya 4K ni kama megapikseli nane, inatosha kusafisha picha ya ukubwa mzuri tu. Niliitoa, nikaenda kuisafisha mjini, Jumamosi iliyofuata nikampelekea. Aliipokea kwa mikono miwili, akasogea nayo kwenye mwanga, akamwita bibi aje aone.