Mbu yupi? Jibu la msomaji wa Tandale

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini watu hupewa chandarua chenye dawa bure kisha hawakitundiki. Katika nyumba tunayopanga hapa Tandale vyandarua havikosekani, ila vingi vimekunjwa juu ya makabati.

Sikubali kwamba sababu ni ujinga. Kina mama wa hapa walivipokea kliniki, walipohudhuria mara ya kwanza wakiwa wajawazito au walipompeleka mtoto kuchanjwa surua, na hakuna asiyejua kuwa malaria huletwa na mbu. Tatizo ni kwamba mbu walio wengi mno Dar es Salaam ni kyuleksi, wanaozaliana katika mashimo ya vyoo na mifereji ya maji machafu. Hao hueneza matende na mabusha, si malaria, na wamekwishakuwa sugu kwa dawa za jamii ya pairethroidi zinazotiwa katika vyandarua. Basi mtu hutundika chandarua kipya, usiku akasikia mlio uleule, na asubuhi akawakuta mbu wazima wametua juu yake kana kwamba ni bembea yao, naye akaamua kuwa dawa ni ya uongo. Anofelesi, ambao ndio wanaoeneza malaria, ni wachache mjini, kwa hiyo kazi ambayo chandarua kimefanya dhidi yao haionekani kwa mtu yeyote. Tuliambiwa kinaua mbu, hatukuambiwa yupi.

Lipo pia joto. Katika chumba cha dirisha moja, mwezi wa Februari, chandarua huzuia hata ule upepo mdogo wa pangaboi, na cha pembe nne hudai misumari minne katika ukuta ambao mwenye nyumba hataki utobolewe. (Mimi nimefunga kamba kwenye nondo za dirisha.) Uvumi kwamba dawa hupunguza nguvu za kiume nimeusikia, lakini wanaousema huwa wamekwishashindwa na joto kabla.

Jirani yangu alikiacha usiku wa kwanza, kwa kuwa mwanawe aliamka akilia kwamba uso unamwasha. Hakuna aliyemweleza kuwa chandarua kipya huanikwa kwanza kivulini kutwa nzima. Maneno hayo yangemchukua muuguzi nusu dakika, pale pale alipokuwa akimkabidhi pakiti.