Poka ya mtandaoni Marekani: inategemea uko jimbo gani

Je, UIGEA, sheria ya taifa zima la Marekani ya 2006 kuhusu kamari ya mtandaoni, iliharamisha kucheza poka (mchezo wa karata wa pesa) mtandaoni? Hapana. Inabana benki na kampuni za malipo zisipitishe pesa za kamari haramu. Ipi ni haramu, kwa sehemu kubwa jimbo ndilo linaamua.

Nevada, Delaware na New Jersey waliifungulia milango poka ya mtandaoni 2013, Pennsylvania 2019, Michigan 2021. Utah wanakataza kamari ya kila aina, na Washington kamari ya mtandaoni ni kosa la jinai tangu 2006, ingawa mchezaji wa kawaida ni nadra kuguswa.

Kinachohesabika ni mahali ulipo wakati unacheza, si anwani ya kwenye kitambulisho. Mtu wa New York mwenye miaka 21 akivuka mto Hudson hadi Jersey City, ndani ya New Jersey, anacheza kihalali. Akipanda treni kurudi huku karata bado ziko mkononi, programu inamkata. Karibu na mpaka unaweza kukatwa hata ukiwa ndani ya jimbo, kwa hiyo washa Wi-Fi hata kama unatumia bando. Simu inaitumia kupima eneo kwa usahihi zaidi. VPN, programu ya kuficha mahali ulipo mtandaoni, usiiguse kabisa, akaunti hufungwa na ushindi unaweza kuzuiwa.

Zile tovuti za nje ya nchi zinazopokea watu karibu kila jimbo hazina leseni ya jimbo lolote. Zikikatalia pesa zako, mdhibiti wa New Jersey au Michigan hana pa kuzishika.