Ukienda Pemba, Uliza Maji Kwanza

Safari yangu ya kwanza ya Pemba niliipanga kwa saa ya mkononi. Nilikuwa na siku mbili, na kwenye daftari nimeandika: kisiwa cha Misali asubuhi, magofu ya Pujini mchana, msitu wa Ngezi jioni; kesho yake Ras Mkumbuu, Kidike, kisha bandarini Mkoani. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekua na majirani Wapemba, na shangazi yangu ameolewa Wete. Nilidhani hayo yanatosha.

Siku hiyo ilikuwa ya bamvua, maji makubwa ya kujaa na kukupwa, na sikujua maana yake. Tuliondoka Wesha, bandari ya Chake Chake, saa mbili asubuhi badala ya alfajiri, kosa langu mwenyewe, kwa sababu nilikwenda kutafuta chai na chapati nikiamini boti niliyokwisha kuilipia itanisubiri. Ilinisubiri kweli, lakini maji yalikuwa yameshaanza kutoka. Misali tukafika, nikazunguka haraka haraka, nikamwambia nahodha turudi niiwahi Pujini. Akaniangalia, akatazama bahari, akasema, "Haya, twende, lakini tutakwama."

Tulikwama. Ghuba ya Chake Chake ni ndefu, kandokando yake ni mikoko mitupu, na bamvua likitoka panabaki tope. Mashine ilianza kusukuma uji mweusi, nahodha akaizima, akaiinua, akashika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Kila akiuchomoa unatoka na tope lenye harufu ya yai viza. Mwisho akaulaza ndani ya boti, akakaa, akajifunika kilemba usoni. "Mwanangu, hapa tungoje maji." Tulingoja zaidi ya saa mbili, jua la utosini, huku kaa wakipanda na kushuka kwenye mizizi ya mikoko. Pujini sikuiona siku ile, wala Ngezi. Kesho yake upepo wa kusi ulinizuia kwenda Ras Mkumbuu.

Nimerudi Pemba mara tatu tangu hapo, na kila anayeniuliza namwambia vilevile: panga safari yako kwa maji kwanza, halafu kwa swala, saa ya mkononi ije baadaye.

Kwa asiyezoea pwani, maji yako hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa sana na kukupwa sana, tofauti ikifika takriban mita 4. Hilo ndilo bamvua. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji juu sana. Kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana yake, kwa hiyo ratiba uliyopewa na rafiki aliyekwenda wiki iliyopita haikufai kitu. Siku za bamvua, maji hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi, wakati ambao utawaona wanawake wameinama juu ya miamba wakitafuta pweza na chaza, kisha hujaa tena kuelekea alasiri. Basi siku hizo ondoka Wesha alfajiri na usiwe na haraka ya kurudi kabla ya saa tisa alasiri. Siku za maji mafu unaweza kuondoka hata saa tatu. Usiku wa kuamkia safari, muulize nahodha swali moja tu: "Kesho maji yanajaa saa ngapi?" Akikujibu bila kufikiri, huyo ndiye wa kwenda naye. Akikwambia usijali, twende tu, tafuta mwingine.

Misali inastahili siku nzima, siyo saa mbili nilizoipa mimi. Ni kisiwa kidogo magharibi ya Chake Chake, kina msitu, mibuyu, fukwe ambazo kasa hutaga, na matumbawe yaliyo karibu kiasi kwamba ukiingia maji ya kifuani na miwani ya kuogelea unawaona samaki bila kupanda boti tena. Wenyeji wanasimulia kwamba Nabii Khidhr alifika pale, akawaomba wavuvi msala wa kusalia, wakawa hawana. Akasema kisiwa chenyewe kimeelekea kibla, kwa hiyo kisiwa ndiyo msala. Jina likatoka hapo. Mimi hadithi hii nilisimuliwa na mvuvi aliyekuwa anatia ndoana chambo, na alipomaliza alininyooshea kidole upande wa kibla, nikasimama nikaangalia ule ufukwe kwa macho mengine kabisa.

Wavuvi hupiga dago Misali, yaani huweka kambi siku kadhaa wakavua, wakaanika, ndipo warudi. Ni kwao kabla hapajawa pa watalii. Miaka ya 1990 ulipokuja mpango wa kukikodisha kisiwa kwa ajili ya utalii, wavuvi waliukataa, na mwaka 1998 Misali ikawa eneo la hifadhi ambalo uvuvi wao unaendelea ndani yake kwa masharti. Ndiyo maana nasisitiza: ukifika kwenye dago, toa salamu, subiri ujibiwe, na usimpige mtu picha wala vyombo vyake bila kuomba. Kuna mapango ambayo watu huendea kwa nadhiri na dua. Ukikuta kitambaa au chetezo cha udi, viache vilivyo. Duka hakuna. Chukua maji ya kunywa ya kutosha, chakula, na mfuko wa kurudisha taka zako zote Wesha.

Ras Mkumbuu iko njiani, unaweza kuiunganisha na Misali kama maji yanaruhusu kushuka. Ni magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo juu ya rasi iliyochongoka baharini, yenye umri wa mamia ya miaka. Nisingemshauri mtu aende kwa ajili ya hayo tu, lakini kama boti inapita pale na bahari imetulia, shuka.

Pujini ni habari nyingine, na hapa watu wengi wanakosea. Wanakwenda wenyewe, wanaona matuta ya udongo na kuta zilizobomoka kwenye vichaka, wanapiga picha mbili, wanaondoka wakisema hakuna kitu. Pujini inataka msimulizi. Ilikuwa ngome ya karne ya 15, na mtawala wake anakumbukwa mpaka leo kwa jina la Mkama Ndume, yaani mkamua wanaume. Wazee wanasimulia kwamba aliwafanya watu wabebe mawe kichwani huku wakijikokota kwa makalio, wasinyanyuke. Mzee aliyenitembeza alikuwa na fimbo, na kila tulipofika mahali aliichora ardhi kwanza: hapa tuta, hapa lango, hapa ndipo bahari ilipokuwa ikiingia. Tulipofika kisimani akasimama kimya kidogo. Kisima kile, alisema, kilikuwa na ukuta katikati, kwa sababu wake wawili wa Mkama Ndume hawakutakiwa kuonana. Mmoja alishuka kwa ngazi, mwingine aliteka kwa kamba kutoka juu. Nikamuuliza, "Ammi, na walikuwa hawasikii sauti za wenzao?" Akacheka. "Kusikia walikuwa wakisikia. Ndiyo adhabu yenyewe."

Jibu lile limenikaa kichwani kuliko ukuta wowote niliouona. Kwa hiyo ukifika Pujini, usiende moja kwa moja kwenye magofu. Anza kijijini, uliza nani anayajua, kaa naye, mpe haki yake bila kubishana. Kabla ya hapo, pita makumbusho ya Chake Chake, yaliyomo ndani ya ngome kongwe ya mji. Yatakupa mpangilio wa nini kilikuja kabla ya nini.

Karafuu hutaitafuta, itakufuata. Ukienda msimu wa kuchuma, kuanzia Julai na kuendelea, kila kijiji kimeanika kwenye majamvi, na harufu inaingia mpaka ndani ya daladala. Mwanamke mmoja karibu na Konde alinikaribisha nikae jamvini nimsaidie kuchambua. Unashika kishada, unakibana kwenye kiganja cha mkono wa pili na kukizungusha, karafuu zinaanguka, makonyo yanabaki mkononi. Yeye alikuwa anamaliza vishada vitano mimi nahangaika na kimoja, na baada ya nusu saa kiganja changu kilikuwa kinawaka. Makonyo nayo hayatupwi, hukamuliwa mafuta kwenye kiwanda kilichoko Wawi. Ombi langu kwa wageni: msichote karafuu jamvini mkatia mfukoni kama ukumbusho. Ile ni ada ya shule na bati la nyumba. Omba, utapewa, na pengine utapewa zaidi ya ulivyotaka.

Ngezi iko mbali kaskazini, baada ya Konde, barabara ya Makangale. Ni kipande kilichobaki cha msitu uliowahi kufunika sehemu kubwa ya kisiwa, na ukiingia tu unahisi baridi ya majani. Kuna mivule minene, kuna mpapindi, mti mwembamba wa Pemba wa jamii ya mnazi, wenye pete kwenye shina. Lipia kiingilio pale ofisini, chukua mtembezaji wa hapohapo, vaa viatu vya kufunika. Mwendo wa mchana ni mzuri, ila ukiweza kulala jirani omba matembezi ya usiku. Pemba ina bundi wake ambaye hayupo mahali pengine popote duniani, na sauti yake utaisikia muda mrefu kabla hujamwona. Kisha malizia Vumawimbi, mchanga mweupe wa kilomita kadhaa. Mara zote nilizofika nilikuta ngalawa tu na watoto wanaocheza mpira.

Kuhusu swala: Ijumaa usipange chochote kati ya saa sita na saa nane mchana, kwa sababu nahodha, dereva na mwenye funguo wote wako msikitini. Mwezi wa Ramadhani nenda ukiwa tayari kufunga mdomo mchana, hata kama hufungi. Mavazi ya ufukweni yaishie ufukweni. Shangazi yangu aliniambia siku ya kwanza, "Mwanangu, leso mbili zisikutoke begini," yaani kanga, na nimeona ukweli wake: moja ya kujifunga kwenye boti, moja ya kujitanda ukipita kijijini, na zote mbili za kukalia unapokaribishwa.

Msimu? Masika, Machi mpaka Mei, njia za mashamba zinakuwa tope. Kusi, Juni mpaka Septemba, hewa ni nzuri lakini mkondo kati ya Unguja na Pemba unachafuka. Kama bahari inakusumbua tumbo, panda ndege mpaka Chake Chake. Mimi napenda mwisho wa Desemba mpaka Februari, kaskazi ikivuma na maji ya Misali yakiwa safi kama glasi. Siku nne ndizo za chini kabisa. Kisiwa kina urefu wa takriban kilomita 67, na ukikaa Chake Chake unaweza kwenda pande zote na kurudi. Halua nunua Wete siku ya kuondoka, ikiwa bado na moto ndani ya kikapu chake cha ukindu.

Na siku moja ya jioni iachie Kidike, kati ya Chake Chake na Wete. Pale ndipo wanapolala popo wa Pemba, wanaokula matunda, ambao mabawa yao yakikunjuliwa yanaweza kufika mita 1.6. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache mno kwa kuwindwa na kukatwa misitu. Vijiji vikaanza kuwalinda, na sasa wako kwa maelfu. Fika kabla ya magharibi, lipa kiingilio cha kijiji, tafuta gogo ukae. Usipige makofi kuwarusha, hata kama aliyekuleta anataka kukufurahisha. Wananing'inia kama maembe yaliyoiva kupita kiasi, manyoya rangi ya kutu, wanajipepea kwa bawa moja, wanasukumana, wanagombana kwa kelele za kitoto. Jua likizama kelele zinapungua. Anaondoka mmoja, anazunguka mti, anarudi. Wanaondoka watatu. Ukija kuangalia tena, matawi yameinuka kwa sababu uzito umetoka, na juu ya minazi mbingu imejaa mabawa yanayokwenda kimya upande wa mashamba.