Kung'oa ABS na treksheni kontroli kwenye gari la mbio: kabla hujagusa fyuzi, soma hapa

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama F1 (mbio za Formula 1) ilifaidika kupiga marufuku misaada ya kielektroniki, na kama na wewe ung'oe ABS (mfumo unaozuia matairi kufunga ukikanyaga breki) kwenye Subaru Impreza unayoiandaa kwa mbio za klabu. Mdau mmoja hapo juu kakujibu kwamba marufuku ndiyo yaliyomuua Senna, dereva wa F1 aliyefariki mbioni 1994, kwa hiyo achana nayo. Mimi nimeendesha mbio za vumbi huku Arusha kwa miaka mingi, na F1 naifuatilia tangu enzi za Mansell. Jibu lile naomba nilipinge.

Chukua Williams FW14B, gari la F1 la Mansell la 1992. Kompyuta ilikuwa inapandisha na kushusha saspensheni kwa haidroliki ili sakafu ikae kimo kilekile kutoka ardhini, gari likifunga breki au likiingia kona. Kimo kilikuwa na maana kubwa, kwa sababu hewa inayopita chini ya sakafu ndiyo inayolivuta gari ling'ang'anie lami. Pale Silverstone mwaka ule Mansell alimpita Patrese, mwenzake wa timu mwenye gari lilelile, kwa karibu sekunde 2 kwenye kusaka nafasi ya kuanzia. Mwaka mzima alishinda mbio 9 kati ya 16.

Ilipofika 1994 FIA, chama kinachosimamia mbio za magari duniani, ikafuta vyote: saspensheni ya kompyuta, treksheni kontroli (inayozuia matairi kuteleza ukikanyaga mafuta), ABS. FW16, gari jipya la Williams alilopewa Senna, ikaingia na springi za kawaida, lakini umbo lake bado lilitaka kimo kisichobadilika. Adrian Newey aliyelichora ameshaeleza mwenyewe kwamba gari lile halikuwa tulivu. Senna alianzia mbele kwenye mbio zote tatu za mwanzo na hakupata hata pointi moja. Kwao Brazil, kwenye uwanja wa Interlagos, alizungushwa na gari akiwa anamfukuza Schumacher. Chanzo cha ajali yake ya Imola tarehe 1 Mei kinabishaniwa hadi leo, wengine wakisema ni usukani kukatika, wengine ni gari kugonga chini. Ratzenberger, dereva mwingine aliyefariki hapohapo siku moja kabla, bawa la mbele la gari lake lilivunjika. Huwezi kuvibeba vifo vile ukaviweka mlangoni pa marufuku. Unachoweza kusema ni kwamba kilitolewa kitu kilicholishika gari, na gari lenyewe likaachwa vilevile. Ndiyo maana kufika Hockenheim mwezi Julai kila gari lilishawekewa ubao wa milimita 10 chini ya sakafu, likalazimika kwenda juu zaidi.

Tatizo la pili lilikuwa ukaguzi. Ndani ya programu ya Benetton, timu ya Schumacher, ya 1994 ulikutwa mfumo uliokatazwa wa kompyuta kuliondoa gari mstarini, ingawa FIA haikupata ushahidi kwamba ulitumika. Shaka za namna hiyo ziliendelea hadi 2001, FIA ikaruhusu tena treksheni kontroli kuanzia mbio za Hispania kwa kuwa haikuwa na njia ya kuikamata. Mwaka huohuo Coulthard akiwa anaanza wa kwanza Monaco, elektroniki zikamgomea na gari likazimika kabla hata mbio hazijaanza. Inauma sana kuona dereva kapokonywa mbio na programu.

Mwaka 2008 ndipo walipofanya kazi ya maana: treksheni kontroli ikapigwa marufuku tena. Kila timu ilipewa kontroli boksi (kompyuta inayosimamia injini) ya aina moja, iliyotengenezwa na McLaren Electronic Systems na Microsoft, basi hakukuwa na pa kuficha kitu. Ule mlio wa injini kukatakata gari likitoka kona ukapotea, mguu wa dereva ukarudi kazini. Massa wa Ferrari aliteleza akazunguka Malaysia akiwa wa pili, na kwenye mvua ya Silverstone akazunguka mara tano wakati Hamilton anashinda kwa zaidi ya sekunde 68. Lakini wanaosema marufuku yalimuumbua Massa wakumbuke kwamba ndiye aliyeshinda mbio nyingi kuliko wote mwaka ule, 6, akakosa ubingwa kwa pointi moja.

Sasa Impreza yako. Kwenye changarawe tairi iliyofunga inachimba na kurundika kokoto mbele yake, na rundo lile ndilo linalolisimamisha gari. ABS inaachia tairi kabla rundo halijajaa. Unasikia kanyagio linatetema chini ya mguu na kona inakuja tu. Kwa hiyo ndiyo, kwenye vumbi iondoe.

Ila kwanza angalia kama gari lako lina EBD. Kama lina, kompyuta hiyohiyo ya ABS ndiyo inayogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Ukichomoa fyuzi tu, matairi ya nyuma yanafunga mapema na mkia unakuja kukusalimia mbele. Ni kosa lilelile la 1994. Sisi tulifunga kwanza valvu ya mkono ya kupunguza breki za nyuma, tukaipima uwanjani kwa mwendo mdogo, tukiizungusha kidogo kidogo mpaka matairi ya mbele yakawa ndiyo yanayofunga kwanza. Na ujue tairi ikishafunga, usukani hausikii. Achia breki kidogo ndipo ukate kona.

Kama gari hilohilo ndilo linalopeleka watoto shule, ABS yake usiiguse kabisa.